Upande wa Kulia wa Kabini

Jumatatu, 9 Septemba

Leo asubuhi Amuri aliingia bandani kwangu kabla sijaondoa kitambaa juu ya cherehani, akasimama mlangoni kama mteja, akaniambia anataka kelele zipungue ndani ya kabini ya lori lake. Anataka nitandike kitu kinene sakafuni, chini ya kapeti, kitu cha kuzuia mngurumo usipande. Nikamuuliza kama anaumwa kichwa. Akasema haumwi, anataka tu.

Nimekuwa mke wa mtu huyu miaka ishirini na miwili, na nimeshona viti vya magari ya watu wengine miaka kumi na saba. Lori lenyewe alirithi kwa baba yake. Lilikuwa barabarani kabla mimi sijajua kutembea. Mara ngapi nimepanda naye kutoka hapa Kisangani kwenda Bengamisa, nikamwomba afanye kitu kuhusu zile kelele? Alikuwa anajibu kwamba kelele ndiyo afya ya gari, kwamba dereva asiyeisikia injini yake hatajua siku inapougua. Tulipokwenda kumwoza binti yetu Fatouma tulisafiri saa tano bila kuzungumza, maana hakuna neno lililoweza kupita, na nilifika harusini sauti imekauka.

Sasa anataka kimya. Nilichukua daftari la vipimo nikapanda kabini. Kwenye kiti cha abiria palikuwa na mto ambao sikuushona mimi. Nimeuangalia vizuri. Pindo lake limekwenda upande.

Vipimo nimeviandika mbele ya daftari. Haya nayaandika kwa nyuma, nimeligeuza.

Jumatano, 11 Septemba

Mvua ya kwanza kubwa. Maji yaliingia bandani hadi kwenye mguu wa cherehani.

Mto ni wa Micheline. Amuri alinijibu bila kuinua uso kutoka kwenye sahani ya lituma, ndizi zetu za kuponda. Micheline ni yule mfanyabiashara kutoka Kindu, mjane, aliyelikodi lori msimu wote kwenda kuchukua maharagwe na mchele Bafwasende. Anapanda mbele pamoja naye. Wenceslas, binamu wa Amuri anayesimamia mizigo, ndiye anayekaa nyuma juu ya turubai. Kabla ya mwezi wa nane Wenceslas alikuwa anakaa mbele.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimefanya kazi kama inavyotakiwa, ili asiseme nilikataa. Nilichukua saa ya kengele, nikaiweka chini ya beseni la bati, nikaifunika kwa kila kitu nilichonacho, kimoja kimoja. Gunia la kahawa lililojazwa sufi: bado inalia kama iko mkononi. Sponji ya godoro: inapunguza mlio mwembamba, ule mzito unapita. Mpira wa tairi la ndani, mikunjo miwili: unazima ule mzito. Mpira uliopakwa lami chini yake ndio mzuri kuliko vyote, lakini ni mzito kuubeba na unanuka siku nyingi.

Nikamwita Amuri aje asikilize. Nilimsimamisha karibu na mlango, beseni likiwa upande wake wa kulia, nikamwambia aseme anapoacha kusikia. Niliweka gunia tupu tu, kengele inalia hadi jirani akachungulia, naye akasema:

“Hapo sisikie tena. Iko muzuri.”

Nilidhani ananidharau, anataka kumaliza haraka aende zake. Nikafungasha vitu vyangu.

Jumanne, 17 Septemba

Micheline alikuja bandani. Kabla ya leo nilikuwa nimemwona kwa mbali tu. Ana miaka arobaini labda. Amevaa viatu vya michezo na kitenge, chupa ya chai ya moto imening'inia begani kama ya mwanafunzi. Alinisalimia kwa heshima, “Mama Fatouma, jambo sana,” akakaa kwenye kiti cha wateja, akashika kila kitu nilichokitandika mezani. Alisema mpira na lami vitachelewa kukauka na mvua hizi, na kwamba Bunia kuna kitu kinauzwa, laini, kina karatasi ya rangi ya fedha juu yake, watu wa magari mapya wanakitumia. Ana mtu wa kumtumia.

Nikasema mimi sijakiona hicho kitu. Akasema, “Bon, utakiona.” Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyezoea mambo yake kukubaliwa.

Amuri akaingia. Na hapa ndipo nilipoona. Micheline alianza kumweleza habari za Bunia, naye akasogea, akageuza kichwa chote hadi sikio lake la kushoto likawa karibu na mdomo wa Micheline, macho yameinama, kama mtu anayeonja. Katika miaka ishirini na miwili hajawahi kunisikiliza hivyo. Nikimsemesha nyumbani wakati nakaanga samaki hageuki hata. Mara mbili, tatu naita, ndipo anasema, “Ulisema nini?” Lakini huyu akinong'ona tu, shingo inakwenda yenyewe.

Nilijichoma sindano kidoleni, na nilifurahi kupata kitu cha kuangalia.

Ijumaa, 20 Septemba

Wamesafiri. Mvua asubuhi, jua mchana. Nimeshona viti vya pikipiki vinne.

Alhamisi, 26 Septemba

Wamerudi salama. Amuri amechoka, amelala mchana kutwa, amelalia ubavu wa kushoto. Niliongea naye kwa muda kabla sijajua kwamba hanisikilizi.

Jumamosi, 28 Septemba

Kile kitu cha Bunia kimefika, roli zima lililozungushwa kama mkeka. Ni kweli linapendeza. Unene wa vidole viwili, jepesi kama mkate, upande mmoja unang'aa kama karatasi ya chokoleti. Niliifunika saa ya kengele nalo na kengele ikawa kama iko nyumba ya tatu. Amuri aliligusa, akacheka. Sijamwona akicheka na kitu tangu Fatouma ajifungue.

Nikasema kwa sauti ya kawaida kwamba mimi ningechagua mpira na lami, kwa sababu sakafu ina kutu na sponji inakunywa maji. Amuri akasema hii ina fedha juu, maji hayaingii. Micheline akasema tunaweza kuweka plastiki chini. Wakaangaliana. Donc, wamekubaliana, na mimi ni wa kukata na kushona.

Jumatatu, 30 Septemba

Leo nataka kuandika kila kitu jinsi kilivyokuwa.

Nilipanda kabini peke yangu kukata. Sakafu ya kushoto haina tabu. Katikati kuna kilima cha gia, nilikitengenezea kielelezo cha katoni. Upande wa kulia, chini ya miguu ya abiria, bomba la moshi linapita karibu sana na bati. Zamani palikuwa na kipande kingine cha bati katikati yao, cha kukinga joto. Kilidondoka mwaka jana njiani tukitoka Bengamisa. Najua kwa sababu ni mimi niliyekuwa nimekaa hapo. Ndala yangu iliyeyuka soli, ikanata sakafuni, na Amuri alicheka akasema ataweka bati jingine. Hajaweka. Ameshasahau, maana si miguu yake.

Nikakata pembe ya roli la Bunia, ndogo kama kiganja. Nikashuka, nikafungua pasi yangu ya makaa, nikaigusisha ile pembe kwenye kaa moja, upande wa fedha. Fedha ilikunjamana. Nyuma yake sponji ikawa nyeusi, ikatiririka kama sukari iliyoungua, ikatoa moshi wa njano wenye harufu ya kukata koo. Halafu ikashika moto mdogo, ukawa unatembea wenyewe hata nilipoondoa kaa.

Nikaizima kwa mguu. Nilikuwa natoka kwenda kumwita Amuri.

Walikuwa wamesimama nje, upande wa pili wa lori, hawajaniona. Micheline anamwambia kitu kirefu, polepole, ameweka mkono kwenye bega lake. Amuri amemgeuzia uso kama siku ile, ametulia kabisa. Alipomaliza, Amuri akasema neno moja tu: “Merci.” Na sauti yake ilikatika katikati ya neno hilo.

Nilirudi bandani. Kile kipande kilichoungua nikakitupa kwenye mtaro. Mvua ikaja ikakichukua.

Nikashona. Nimetandika roli lote, kulia na kushoto, nikafunika kwa kapeti nyeusi, pindo limenyooka. Ni kazi nzuri kwa macho. Nilijiambia kwamba fedha itarudisha joto chini, ndiyo kazi ya fedha. Nilijiambia kwamba plastiki ipo. Nilijiambia kwamba kama ndala zake zitayeyuka, basi naye ajue kiti hicho kina tabia gani. Hili la mwisho ndilo nililoliamini.

Jumanne, 1 Oktoba

Mvua. Sikufungua banda.

Alhamisi, 3 Oktoba

Wameondoka saa kumi na mbili asubuhi. Micheline alivua viatu kabla ya kupanda, akaweka miguu mitupu juu ya kapeti, akaniambia kupitia dirishani kwamba iko laini kama kitanda. Amuri akawasha injini, akafunga mlango, akasikiliza. Akanyanyua kidole gumba kwangu kupitia kioo.

Nilikuwa nimeshika kioo cha upande wa Amuri kwa mkono. Nilifungua mdomo. Micheline akasema kitu, Amuri akamwinamia, na mimi nikaondoa mkono.

Jumamosi, 5 Oktoba

Mvua tangu alfajiri. Hakuna simu, huko ndani msituni hakuna mtandao, hilo ni kawaida.

Jumapili, 6 Oktoba

Mvua.

Jumanne, 8 Oktoba

Nilikwenda kituo cha pikipiki kuwauliza vijana wanaotoka Bafwasende. Mmoja alisema barabara imekufa, malori yanapanda milima kwa gia ya kwanza nusu siku nzima. Mwingine alisema aliona lori limesimama njiani, watu wanalimwagia maji. Lori la rangi gani? Hakukumbuka. Maji ya nini? Alisema labda matope, labda linaoshwa.

Hakuna mtu anayeosha lori kwenye mvua.

Gia ya kwanza nusu siku nzima. Najua bomba linavyokuwa baada ya nusu saa tu.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimejaribu kusali na nimeona aibu. Ningemwomba Mungu azuie nini? Kitu nilichokishona mwenyewe?

Nimemwona Micheline kichwani siku nzima, si kwenye bega la Amuri, bali miguu yake mitupu. Ana kovu dogo kwenye kifundo cha mguu wa kulia. Sikujua kwamba nimeliona.

Jumamosi, 12 Oktoba

Wenceslas amefika kwa pikipiki, tope hadi kwenye nyusi. Nilimpa maji, akanywa, nikamkazia macho hadi akaelewa kwamba nataka habari kabla ya salamu. Amuri ni mzima. Lori ni zima, isipokuwa kabini. Micheline ameungua mikono.

Alinieleza hivi. Ilikuwa siku ya pili, wanapanda kilima kabla ya Bafwasende, tope limeshika magurudumu. Micheline alikuwa amesinzia. Moshi ulianza chini ya kapeti, na kwa sababu kapeti ilishonwa vizuri haukutoka mara moja. Ulikusanyika, halafu ukatoka wote kwa pamoja kwenye pindo. Amuri hakuweza kuachia breki, lori lingerudi nyuma hadi mtoni pamoja na Wenceslas aliyekuwa juu ya mizigo. Ndipo Micheline akashika kapeti kwa mikono miwili, akaing'oa, akalivuta lile roli likiwa linatiririka, akalitupa nje ya dirisha. Lilimnata kwenye vidole. Wenceslas alishuka, akaweka jiwe chini ya gurudumu, akazima moto uliobaki kwa tope.

“Yule mama,” alisema Wenceslas, “kama angefungua mulango na kuruka, hakuna mutu angemulaumu. Na sisi tungekuwa majivu.”

Akaniuliza kama nina chakula. Nilimpa chote kilichokuwa sufuriani.

Jumatano, 16 Oktoba

Wamerudi na lori tupu. Mizigo imebaki Bafwasende. Micheline amepelekwa zahanati, mikono imefungwa bendeji hadi viwikoni. Amuri alikaa uani, nguo zinanuka ule moshi wa njano. Hakunilaumu. Alisema vitu vya Bunia ni vya uongo. Alisema:

“Ningekusikiliza wewe na mupira wako.”

Nilikwenda jikoni nikasimama huko hadi sufuria ikachemka na kumwagika.

Alhamisi, 17 Oktoba

Micheline hana mtu mjini. Ndugu zake wako Kindu. Nimempelekea lituma na samaki, na kwa kuwa hawezi kushika kijiko, nimemlisha. Anafungua mdomo kama mtoto na anaona aibu, anafumba macho. Kila tonge aliniambia asante.

Jumapili, 20 Oktoba

Nimemlisha asubuhi na jioni. Pondu, majani ya muhogo. Anapenda pilipili nyingi.

Jumatano, 23 Oktoba

Leo alilia. Nilidhani ni maumivu, nikataka kumwita muuguzi. Akasema hapana, ni dhamiri. Yeye ndiye aliyesifu lile roli, yeye ndiye aliyeagiza, na kwa ajili yake Amuri alikuwa karibu kufa na mimi kubaki mjane kama yeye. Alisema hawezi kunitazama usoni ninapomlisha.

Nilikuwa na kijiko mkononi. Nikakiingiza kwenye sahani, nikachota, nikampa.

Halafu akasema kitu ambacho alidhani nakijua.

“Lakini nilifanya kwa ajili ya lile sikio, Mama Fatouma. Docteur alisema kelele ikiendelea, hata la kushoto litakufa.”

Nikamuuliza sikio gani.

Akaona kwamba amefungua mlango ambao haukuwa wake. Lakini ulikuwa umeshafunguka, na nilikaa pale hadi akanieleza. Sikio la kulia la Amuri halisikii tangu mwaka jana. Micheline aligundua safari ya kwanza, mwezi wa nane, kwa sababu alikaa upande huo: pikipiki ilikuwa inawapita kulia, ikapiga honi, yeye akapiga kelele, na Amuri akaendelea kukata kona kana kwamba barabara ni yake peke yake. Mtu wa pikipiki aliruka kwenye majani, akapona. Micheline alimwambia Amuri kwamba hatapanda tena mpaka aende kwa daktari, akamsindikiza. Siku ile nilipowaona wamesimama upande wa pili wa lori, mkono begani, alikuwa anamrudia maneno ya daktari waliyekwenda kumwona tena asubuhi ile, kwa sababu Amuri hakuyasikia yote na aliona haya kumwomba daktari aseme tena. Na Amuri alimwapisha asiniambie.

Nikamuuliza kwa nini mimi nisijue.

“Alisema ungemunyang'anya ufunguo,” alisema Micheline. “Alisema Khadija akijua, kamioni imekwisha.”

Nilimfuta mdomo, nikaosha sahani, nikatoka. Nimetembea kwa miguu hadi nyumbani, toleka wote wananipigia kengele nipande baiskeli zao.

Naandika ukweli hapa kwa sababu hakuna mahali pengine. Sikupata nafuu. Nilidhani wivu utaondoka nikijua kwamba hakuna kitu kati yao, nao umeongezeka. Kulala na mwanamke, wanaume wengi wanalala. Huyu alimpa udhaifu wake. Alikuwa na kitu kimoja cha kuficha duniani, akampa mtu aliyekaa naye kabini wiki moja, na mimi niliyelala ubavuni mwake nikamwita bwana mwenye dharau. Beseni lilikuwa upande wa kulia. Nilimwona kwa macho yangu asisikie kengele, nikakasirika.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimemwita Amuri kwa sauti ndogo kutoka kila upande wa nyumba, nikihesabu. Kulia: hakuna. Nyuma: hakuna. Kushoto: “Naam?”

Nikamwambia chai iko tayari.

Jumatatu, 28 Oktoba

Kiwanda kidogo cha mkate nyuma ya soko kuu kinabomoa tanuri lake la zamani. Ndani ya kuta zake kuna sufi ya kioo, ya njano, inawasha ngozi kama upupu. Nilibeba magunia mawili. Nimeiweka kwenye makaa ya pasi, nikangoja, nikahesabu hadi mia tatu. Haikubadilika hata rangi. Nimeifunga kwenye turubai ili isimwage vumbi, nikaishona kama godoro.

Mikono inawasha hadi mabegani. Sikupaka mafuta.

Jumamosi, 2 Novemba

Fundi wa bati amekunja kinga mpya, nimemsimamia. Inakaa vidole vitatu kutoka kwenye bomba, hewa inapita katikati. Juu yake sakafu, lami, mpira, sufi ya kioo upande wa kulia wote, kisha kapeti. Kapeti nimeishona kwa vifungo, siyo kwa uzi, ili mtu yeyote aweze kuing'oa kwa mkono mmoja.

Jumatatu, 4 Novemba

Saa kumi jioni Amuri alikuwa uani anakaza nati za kioo kikubwa kipya atakachofunga upande wa kulia wa lori, macho yaone yale ambayo sikio halisikii. Amesharudisha kiti cha mbele kwa Wenceslas, amwangalizie barabara. Niliketi kwenye kigoda kulia kwake. Nikasema yote. Nikasema nilijua bomba, nilijua bati limedondoka, nilichoma kipande cha roli na nikaona moto ukitembea, na bado nikalishona. Nikasema kwa nini. Nilisema kwa sauti ya kutosha mtu mwenye masikio mawili kusikia. Yeye aliendelea kukaza nati.

Nilikaa pale kidogo, mwili mwepesi, kama mtu aliyelipa deni kwa noti bandia. Nimeshasema, si ndiyo? Nimesema mbele yake.

Halafu nikainuka, nikazunguka, nikaketi kushoto, nikasema tena yote tangu mwanzo.

Kufika katikati spana ilikuwa imesimama. Nilipomaliza aliuliza tangu lini najua kuhusu sikio, nikasema tangu Micheline aliponieleza. Akauliza tangu lini nilijua kuhusu roli. Nikasema siku tatu kabla hawajaondoka.

“Siku tatu,” alisema.

Nikasema naye alinificha sikio mwaka mzima, kwamba kama angeniambia nisingewaza niliyowaza.

“Ni kweli, nilikuficha. Lakini haviko sawa, Khadija.”

Hajaniita kwa jina langu tangu Fatouma azaliwe. Alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja, akasema niende kwa Micheline kwanza, kwa sababu mikono iliyoungua ni ya Micheline, na kwamba mpaka niwe nimetoka huko yeye hana la kuniambia.

Jumanne, 5 Novemba

Nimekwenda. Bendeji zimepunguzwa, vidole viwili vya mkono wa kushoto vimeshikana. Nilimwambia nikiwa nimesimama. Hakunikatiza. Aliangalia ile sahani niliyokuja nayo, imefunikwa.

“Ulinilisha karibu wiki tatu,” alisema, “na ulikuwa unajua. Uliniacha nilie.”

Nikasema ndiyo.

Akaniomba nitoke na sahani yangu.

Jumatano, 6 Novemba

Mvua.

Jumamosi, 9 Novemba

Amuri analala kwa nduguye mtaa wa pili. Anakuja mchana kuangalia lori. Ananisalimia.

Jumanne, 12 Novemba

Wenceslas alileta karatasi. Ni orodha ya magunia ya Micheline yaliyobaki Bafwasende, imeandikwa na muuguzi kwa niaba yake. Kuna mtu anapaswa kwenda kuyapokea na kuyakagua kabla hayajaoza. Chini yake muuguzi ameandika kama alivyoambiwa: aende yule aliyeshona.

Amuri alisoma, akanipa nisome. Kisha akafungua mlango wa kulia wa kabini.

“Wenceslas atapanda nyuma,” alisema. “Wewe utakaa hapa. Viatu utavua.”

Alhamisi, 14 Novemba

Tumesimama chini ya kile kilima. Mvua imekatika na naandika daftari likiwa gotini.

Tumetoka Kisangani jana. Njia nzima nimeweka miguu mitupu mahali alipoweka Micheline. Kabini ni kimya kiasi kwamba nasikia vifungo vya shati la Amuri vikigusa usukani. Mimi nimekuwa sikio: pikipiki kulia, nasema “kulia” kwa sauti kubwa, naye anaitikia kwa kichwa. Hayo ndiyo maneno tuliyozungumza, kulia, kulia, kulia, labda mara mia.

Saa nne hivi tulikaribia pale Micheline alipong'oa kapeti. Sikuambiwa, nilipajua kwa kipande cha fedha kilichonata kwenye majani. Tulipanda kwa gia ya kwanza, tukateleza, tukarudi chini, tukapanda tena. Saa nzima injini inalia na mimi nimekaza miguu, nangoja joto, na kusema kweli sehemu yangu moja ilikuwa inalitaka lije, ili tulingane.

Kwa mara ya tatu tuliteleza, tukarudi hadi chini, Amuri akazima injini. Alishuka, akazunguka mbele ya lori kwenye tope, akafungua mlango wangu. Nilidhani ataniambia nishuke. Akaingiza mkono chini, akaweka kiganja sakafuni, katikati ya miguu yangu, juu kabisa ya bomba. Akakiacha pale. Kupima joto hakuhitaji muda mrefu hivyo. Nilimwona kwa pembeni, upande wa lile sikio la kulia, lina mvi ndogo ambazo sikuwa nimeziona.

“Iko baridi,” alisema.

Hakuniangalia. Lakini mkono hakuuondoa mpaka Wenceslas alipopiga bodi ya lori kutoka juu, akiuliza tunangoja nini.